Chale Si Tusi

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni katika ukumbi wa maktaba, hapa Tanga, mbele ya vijana wa kikundi chetu cha uchekeshaji, wazazi wao na majirani. Mvua iliwazuia wengi, na tangu siku ile simu yangu hainyamazi: tutumie, tutumie. Basi hii hapa yote, kama nilivyoisema.

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo vijana? Na ninyi mama zetu, mlioacha meza za samaki na majiko yanawaka mkaja kukaa hapa, ahsanteni, Mungu awazidishie.

Jioni hii nina neno moja tu, na neno lenyewe mnalijua. Chale.

Semeni nami. Chale!

Mnacheka. Kwa nini mnacheka? Kwa sababu wengi wetu tumeitwa hivyo, na hatukuitwa kwa sifa. “Acha uchale.” “Usiniletee uchale hapa.” Wiki tatu zilizopita mama mmoja alikuja mazoezini kumchukua mwanawe. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akamwangalia kijana anavyoigiza kondakta aliyepoteza chenji, akamsubiri amalize, kisha akasema: “Nimekusomesha mpaka kidato cha sita uje kuwa chale?” Kijana akavua kofia, akaondoka naye. Mama yule yupo hapa leo. Nimemwona anaingia, na moyo wangu umefurahi. Sitamtaja. Lakini yote nitakayosema ni jibu la swali lake, maana ni swali la haki.

Neno hili, ndugu zangu, lina mwenyewe. Alikuwa mtu wa damu na nyama, Mwingereza, jina lake Charles Chaplin. Watu duniani walimwita Charlie, na ndimi zetu za Kiswahili zikalainisha, zikasema Chale. Jina la mtu likawa jina la kazi. Ni wangapi duniani wamepata heshima hiyo?

Babu yangu mzaa mama alimwona. Babu alikuja Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kukata mkonge, baadaye akahamishiwa korona, kiwanda cha kusindika mkonge. Kambini kwao kulikuwa na Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, watu kutoka Ruanda na Urundi, na wengi wao Kiswahili chenyewe bado kilikuwa kigeni. Akasema siku moja lilikuja gari la sinema, kikatandazwa kitambaa cheupe, watu wakakaa chini na vipande vyao, kadi za kazi, mfukoni. Akatokea mtu mdogo mwenye viatu vikubwa, amepotea kwenye theluji, ana njaa. Akachemsha kiatu chake akakila. Babu alituambia: “Hatukuwa na lugha moja, lakini njaa tulikuwa nayo moja.” Kisha anasimama, na miaka yake sabini na kitu, anatuonyesha jinsi yule mtu alivyozungusha kamba ya kiatu kwenye uma kama tambi. Alikuwa ameiona mara moja tu. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita, na mkono wake ulikuwa bado unakumbuka.

Huyo ndiye Chale. Sasa niulizeni alitoka wapi.

Alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Baba yake alikuwa mwimbaji wa majukwaani, naye alikunywa pombe mpaka ikamuua mwaka 1901, hajafika miaka arobaini. Mama yake, Hannah, naye alikuwa mwimbaji. Waliachana watoto wakiwa wadogo, na mama akabaki na wavulana wawili, Sydney na Charlie, na koo lililoanza kumsaliti.

Sikilizeni kisa hiki. Charlie ana miaka mitano. Mama anaimba mjini Aldershot, ukumbi umejaa askari. Katikati ya wimbo sauti inakatika, inabaki mnong’ono. Mnawajua watu wa ukumbini: wakaanza kuzomea, wakaanza kumuiga. Mama akatoka jukwaani amefadhaika. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amewahi kumwona mtoto akiimba mbele ya marafiki wa mama yake, akamshika mkono, akampeleka mbele ya taa, akamwacha peke yake. Mtoto akaimba. Watu wakaanza kurusha sarafu. Hapo mtoto akasimamisha wimbo, akawaambia kwamba ataokota hela kwanza, ataimba baadaye. Ukumbi ukalipuka. Msimamizi akaja na leso kumsaidia kuokota, na mtoto, akidhani hela zake zinaibwa, akamfuata nyuma mpaka nje ya jukwaa, hakumwacha mpaka alipoona zimewekwa mkononi mwa mama yake. Ndipo akarudi kuimba. Na kwa utoto wake, akiimba wimbo mmoja wa mama, akaiga hata ile sauti ilivyokatika. Watu wakacheka zaidi, wakarusha zaidi.

Usiku ule ulikuwa wa kwanza kwake jukwaani, na wa mwisho kwa mama yake.

Tulieni na hilo kidogo. Mtoto anaokota hela za kula kwa kuiga koo la mama yake lililokufa. Hakujua anachofanya. Alikuja kukijua baadaye, na mimi naamini maisha yake yote yaliyofuata alikuwa anamlipa mama yake deni la usiku ule.

Mwaka 1896 mama hakuweza tena. Waliingia wote watatu kwenye nyumba ya mafukara ya Lambeth. Ilikuwa nyumba ya serikali kwa wasio na chochote: unavua nguo zako, unapewa zao, wanaume mbali, wanawake mbali, watoto mbali. Baada ya muda watoto wakapelekwa shule ya mafukara huko Hanwell, nje ya mji. Charlie ana miaka saba. Mama akaugua akili, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Kuna kipindi waliishi nyuma ya kiwanda cha achari, karibu na machinjio, na kila siku kondoo walipita mlangoni pao wakipelekwa kuchinjwa.

Siku moja kondoo mmoja akatoroka. Mtaa mzima ukatoka nje. Huyu anarukia anamkosa, yule anaangukia usoni, kondoo anakwenda huku, watu wanakwenda kule, na Charlie anacheka mpaka mbavu zinauma. Mwishowe kondoo akakamatwa, akarudishwa machinjioni. Na hapo mtoto akaelewa. Akakimbilia ndani kwa mama yake analia, anapiga kelele kwamba wanakwenda kumuua. Alipokuwa mzee akaandika kwamba pengine kazi yake yote ilianzia siku ile ya yule kondoo.

Mimi nikiangalia filamu zake namwona yule kondoo kila mahali. Mnajua kwamba katika Kiswahili chale ni kitu kingine pia, ile inayochanjwa kwa wembe: unachanwa kidogo, damu inatoka, papo hapo unapakwa dawa. Kicheko cha mtu huyu ni cha namna hiyo. Kwanza unakatwa.

Sasa tuingie kazini, maana mama aliuliza habari za kazi.

Akiwa na miaka tisa alishaajiriwa kwenye kundi la watoto wacheza ngoma za viatu vya mbao. Mwaka 1908 akaingia kundi la Fred Karno, lililokuwa likiigiza vichekesho bila maneno mengi, mwili ndio unaosema. Kundi hilo likampeleka Marekani kwa ziara mwaka 1910 na tena 1912, na humo alikuwamo kijana mwenzake ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Stan Laurel, mchekeshaji naye. Kampuni ya filamu ya Keystone ikamwona, ikamchukua kwa dola 150 kwa wiki. Filamu yake ya kwanza ilitoka Februari 1914, na ndani yake hakuna Chale tunayemjua: ni jamaa mmoja mwenye koti refu, mjanjamjanja, wa kusahaulika. Siku chache baadaye akaambiwa avae mavazi ya kuchekesha, yoyote. Akaingia chumba cha mavazi akachukua suruali kubwa, koti dogo, viatu vikubwa, kofia ndogo. Kila kitu kikipingana na mwenzake. Alikuwa na miaka 24 tu, akabandika masharubu madogo ili aonekane mtu mzima bila kuficha uso. Akachukua kifimbo.

Vijana wangu, angalieni mavazi yale kwa makini, maana ndani yake mna somo zima. Koti limebana, lakini limefungwa vifungo. Kofia imechakaa, lakini akikutana na mwanamke anaivua. Suruali ni ya mtu mwingine, lakini kifimbo ni cha bwana mkubwa. Je, huyu ni mtu anayetaka tumcheke umaskini wake? Hapana! Huyu ni mtu anayekataa kuitwa takataka. Analala kwenye uzio wa mbao, asubuhi anajipangusa vumbi. Ameokota kipisi cha sigara, anakitoa kwenye kopo la dagaa kama anatoa sigara ya tajiri. Hana kitu, ila adabu yake hajaiuza.

Hapa ndipo ninapogombana na baadhi yenu, na mnajua nawapenda. Tunafanya nini sisi jukwaani? Tunamwiga mwenye kigugumizi. Tunamwiga mtu wa bara aliyefika mjini hajui lifti. Tunamvalisha mwanamume gauni na kanga, tunamweka makalio ya matambara, basi. Watu wanacheka, sikatai. Lakini wanamcheka nani? Katika filamu za Chale anayeanguka kwa kishindo ni polisi anayefukuza mwenye njaa, ni tajiri mlevi, ni msimamizi wa kiwanda. Yule maskini naye anaanguka, tena sana, lakini sisi tunaanguka naye. Tumo ndani ya viatu vyake.

Rudini kwenye kiatu cha babu. Filamu ile ni The Gold Rush, ya mwaka 1925, ya watu waliokimbilia dhahabu kwenye theluji ya kaskazini. Wazo lilimjia kutokana na picha za wale wachimbaji, foleni ndefu ya watu wanaoonekana kama vivuli vyeusi juu ya mlima mweupe, na kutokana na habari ya kweli ya wasafiri waliokwama milimani Marekani mwaka 1846, wakala viatu vyao vya ngozi, wengine wakala maiti za wenzao. Fikirini! Nani kati yetu angesoma habari hiyo akasema, hapa pana kichekesho?

Yeye alisema. Na angalieni alivyokifanya. Ni sikukuu, yupo na mwenzake kwenye kibanda, njaa imewatia wazimu. Anakitoa kiatu sufuriani, anakimwagia mchuzi wake mwenyewe kama mpishi wa hoteli. Anakata taratibu, hana haraka. Mwenzake anabadilisha sahani, anachukua ngozi laini ya juu, yeye anaachiwa soli yenye misumari. Hagombani. Anaitafuna soli, misumari anaifyonza mmoja mmoja kama mifupa ya kuku, anaiweka pembeni ya sahani kwa vidole viwili. Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi. Kipande kile kilichukua siku tatu, wakakirudia mara 63, na waigizaji wote wawili peremende ikawaendesha tumbo. Mtu mwenye adabu ya mezani wakati hakuna mezani pa kuwa na adabu. Hicho ndicho walichokiona manamba. Hawakumcheka mtu mwenye njaa. Walimwona mmoja wao anakula kiatu kama mfalme.

Na The Kid, ya mwaka 1921. Julai 1919 Charlie alizaliwa mtoto wake wa kwanza, akaishi siku tatu. Muda mfupi baadaye akaanza kutengeneza filamu ya mtu maskini anayeokota kichanga jalalani akamlea. Mtoto yule aliigizwa na Jackie Coogan. Kuna mahali maofisa wanakuja kumchukua mtoto wampeleke makazi ya yatima, wanamtupa nyuma ya gari, na mtoto ananyoosha mikono analia. Kina mama, filamu ile haina sauti hata moja, lakini mtaisikia.

Sasa sikieni alivyolia. Siku ya kupiga kipande kile Jackie alikuwa na furaha zake, hataki kulia. Baba yake akamchukua pembeni. Mara mtoto akarudi analia kweli kweli, kwa uchungu. Charlie akamuuliza baba, umemwambia nini? Akajibu: nimemwambia asipolia tutampeleka kweli nyumba ya mafukara. Charlie, aliyepelekwa kweli akiwa na miaka saba, akamwinua yule mtoto akambembeleza, akamwambia hakuna atakayempeleka popote. Na Jackie akamnong’oneza kwamba alijua baba anamtania.

Kila nikikisimulia kisa hiki sauti inanikwama. Mnisamehe.

Tuendelee. Mama aliuliza kazi, nami nataka aione kazi yenyewe, jasho lake. City Lights ilitoka Januari 1931. Filamu za sauti zilikuwa zimeshaingia, kila mtu Hollywood anaongea na kuimba, na watu wakamwambia Chale umekwisha, ongea. Akakataa. Akatumia zaidi ya miaka miwili, kwa fedha zake mwenyewe, kutengeneza filamu bila mazungumzo. Muziki wake karibu wote aliutunga yeye, mtu asiyejua kusoma noti, akiimba kwa mdomo huku wengine wanaandika.

Hadithi yake ni ya yule mzururaji wetu mwenye kifimbo na msichana kipofu auzaye maua, anayemdhani mzururaji ni tajiri. Swali likawa: kipofu atamdhanije maskini kuwa tajiri? Hakuna maneno, kumbukeni. Huwezi kumfanya adanganye kwa mdomo. Swali hilo moja lilimtesa miezi. Alisimamisha kazi, watu wote wakakaa wanalipwa bila kufanya kitu. Akamfukuza yule dada mwigizaji, Virginia Cherrill, akajaribu mwingine, akamrudisha yule yule. Rekodi inayotajwa ya kipande kile ni mara 342. Mia tatu arobaini na mbili! Nanyi mkiambiwa kurudia mara ya nne mnasema mwalimu ana gubu.

Jibu alilolipata ni hili. Magari yamebanana barabarani. Mzururaji anataka kumkwepa polisi, anaingia mlango mmoja wa gari la kifahari lililosimama, anatokea mlango wa pili, karibu na msichana. Mlango unafungwa: pu! Msichana anausikia mlango wa gari la tajiri, anaelekeza ua huko. Basi. Ndiyo yote. Mlango unafungwa, na msichana ameshapenda. Halafu mwenye gari anarudi, anaingia, anaondoka, na msichana anadhani bwana ameondoka bila kuchukua chenji yake. Mzururaji yupo pale pale, anaweza kusema “chenji yangu”, lakini akisema tu atakuwa amemwibia ndoto. Anarudi nyuma kwa ncha za vidole.

Na kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa ajili ya kijana wetu aliyekaa pale, anayeisikiliza hotuba hii kwa mikono ya dada yake. Mwanzoni mwa filamu hiyo yupo mtu anayeigiza mchongaji wa sanamu. Jina lake Granville Redmond, mchoraji mashuhuri wa mandhari ya California, naye alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alikuwa rafiki wa Chale. Chale alimpa nafasi ya kuchorea ndani ya studio yake, wakizungumza kwa mikono, na akamweka kwenye filamu zake zaidi ya moja. Zama zile za filamu bubu, kiziwi na asiye kiziwi waliingia ukumbi mmoja, wakalipa kiingilio kimoja, wakacheka dakika moja. Sauti ilipoingia, mlango ukafungwa kwa watu hawa. Kijana huyu wetu tulipomwonyesha kile kipande cha mlango wa gari, aliwahi kucheka kabla yetu sote. Kabla yetu sote! Kwa sababu anasoma mwili kuliko sisi. Tangu siku ile mimi humpa yeye nafasi ya kwanza ya kutuambia mchezo wetu umeeleweka au la.

Mengine nitayapitia haraka, giza linaingia. Mwaka 1931 alikutana na Gandhi huko London, wakazungumzia mashine na binadamu. Mwaka 1936 akatoa Modern Times, ya mfanyakazi wa kiwandani anayekaza nati siku nzima mpaka mikono inagoma kusimama hata kazi ikiisha. Babu wa korona angeielewa bila tafsiri. Mwaka 1940, Marekani bado haijaingia vitani, akatoa The Great Dictator, akamwigiza Hitler mwenyewe. Walizaliwa mwezi mmoja, mwaka mmoja, wamepishana siku nne, na masharubu yao yalifanana. Humo ndimo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza akazungumza filamu nzima, na mwisho akageukia kamera akasema na dunia kwa dakika kadhaa, bila mzaha. Baadaye aliandika kwamba laiti angejua ukubwa wa unyama uliokuwa kwenye kambi za Wanazi, asingeweza kufanya kichekesho juu yake.

Wapo waliomchukia kwa siasa zake. Septemba 1952 alipanda meli na familia yake kwenda London kuonyesha filamu mpya. Akiwa baharini akapata habari kwamba serikali ya Marekani imefuta kibali chake cha kurudi. Miaka arobaini ameishi pale! Akahamia Uswisi, akalea watoto wake huko, hakurudi mpaka 1972, walipomwita kumpa tuzo ya heshima ya Oscar. Mzee wa miaka 82, ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi dakika kumi na mbili. Alifariki usiku wa kuamkia Krismasi, 1977.

Je, alikuwa malaika? Sitawadanganya wazazi. Wake zake wawili wa kwanza aliwaoa wakiwa na miaka 16 kila mmoja, yeye mtu mzima mwenye fedha na jina, na ndoa zote mbili ziliisha vibaya. Hilo ni kosa na liitwe kosa. Mabinti wa kikundi hiki wanalijua agano letu: hakuna mazoezi ya mlango uliofungwa, hakuna mwalimu na mwanafunzi peke yao. Kipaji cha mtu hakimpi ruhusa.

Na fedha, kwa kuwa mama hakuuliza lakini alitaka kuuliza. Yule wa dola 150 kwa wiki mwaka 1914, miaka miwili baadaye alilipwa dola 10,000 kwa wiki, na juu yake bahashishi ya dola 150,000. Lakini kwangu kubwa zaidi ni mwaka 1919, alipoungana na waigizaji Mary Pickford na Douglas Fairbanks na mwongozaji D. W. Griffith wakaanzisha kampuni yao wenyewe ya kusambaza filamu, United Artists. Filamu ziwe zetu, mapato yaje kwetu. Ninyi mnaorekodi kichekesho kwenye simu, mnamrushia kila mtu, kesho mnakikuta kwenye tangazo la mtu mwingine, nataka mlifikirie hilo kabla hamjalala.

Mji huu wa Tanga umetoa chale wake. Mzee wetu Amri Athumani, King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, alizaliwa mkoa huu. Ni nyumba gani hapa haijawahi kucheka kwa sababu yake? Mnakumbuka alivyoweza kukaa kimya tu, akageuza macho, na ukumbi mzima ukaanguka? Hakufundishwa na Charlie, lakini walijuana kwa kazi.

Mama yangu, ulimuuliza mwanao kama umemsomesha aje kuwa chale. Mimi sina mamlaka juu ya mwanao, wewe ndiye mama. Ninachokuomba ni dakika tano zako tu. Tutaonyesha ukutani mwisho wa City Lights. Msichana ametibiwa, anaona, ana duka lake la maua. Hela za matibabu alizitafuta yule mzururaji, akafungwa kwa ajili yake. Sasa ametoka gerezani, nguo zimechanika, watoto wa mtaani wanamtania, na msichana yuko ndani ya kioo anamwona na kumcheka. Anamcheka! Hajui. Halafu anatoka nje kumpa ua na sarafu, kwa huruma, anamshika mkono ili aiweke kiganjani. Na mkono wake unakumbuka.

Tazama uso wake pale. Kisha tazama wa yule mwanamume, ana ua mdomoni, haelewi kama aogope au afurahi.

Naomba taa za mbele zizimwe. Watoto, kaeni chini kwenye mkeka, msizibe watu wazima. Mama, usisimame mlangoni, kuna kiti hapa, karibu na mwanao.